Jinsi ya Kuchagua Jaketi Jepesi la Upepo kwa Kukimbia, Kukwea Miamba na Kutembea Milimani: Mwongozo Kamili

Wasomaji wanaoniuliza kuhusu jaketi la upepo huja na malalamiko mawili yanayopingana. Wengine husema kwamba jaketi liliwalowesha jasho mpaka wakatetemeka walipofika kileleni, na wengine husema kwamba upepo ulipenya kana kwamba hawakuvaa kitu. Nikiwauliza walichaguaje, jibu huwa moja: walitazama uzito, wakasoma kwenye lebo kwamba jaketi linazuia upepo, wakalipa.

Swali ambalo hawakuliuliza ndilo linaloamua karibu kila kitu. Kitambaa hiki kinapitisha hewa kiasi gani, na mwili wangu unahitaji ipite kiasi gani? Hatua zifuatazo zimepangwa ili ulijibu swali hilo kwa mikono yako mwenyewe, hata pale ambapo mtengenezaji hakuandika tarakimu yoyote.

## Utakavyohitaji

- Mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja.
- Bomba la karatasi ngumu, kama lile linalobaki karatasi ya chooni inapokwisha, pamoja na lastiki moja.
- Shati jepesi la pamba na mwavuli wa kawaida, kwa ajili ya kulinganisha.
- Fulana ya michezo unayoivaa kweli, na sweta ya flisi (kitambaa laini chenye manyoya, cha kuhifadhi joto) ikiwa huwa unaibeba.
- Glavu, begi la mgongoni, na kama unakwea miamba, helmeti na hanesi yako (mikanda ya kiunoni na mapajani inayofungiwa kamba).
- Maji kidogo na kijiko.

Fanya majaribio ya ndani ya nyumba kwanza, lebo za jaketi zikiwa bado hazijakatwa. Maji na jaribio la nje huja mwisho, kwa sababu jaketi lililotoka jasho halirudishwi dukani.

## Hatua ya 1: Hakikisha kwamba unachonunua si jaketi la mvua

Jaketi la mvua lina utando usiopitisha maji, na mishono yake imezibwa kwa utepe upande wa ndani. Jaketi la upepo ni kitambaa kimoja chembamba, aghalabu nailoni au poliesta, kisicho na utando wala utepe kwenye mishono. Geuza jaketi ndani nje na utazame mshono wa bega: ukiona utepe unaong'aa uliobandikwa juu ya uzi, umeshika jaketi la mvua.

Tofauti hii ina maana kubwa mwilini. Utando wa jaketi la mvua huruhusu mvuke wa jasho kutoka polepole, lakini kwa kawaida hauruhusu hewa yenyewe kupita. Mtu anayepanda mlima kwa kasi hutoa jasho kwa haraka kuliko utando unavyoweza kulitoa, hivyo hulowa kutoka ndani hata kama anga ni kavu.

Onyo: jaketi la upepo haliwezi kuchukua nafasi ya jaketi la mvua. Litastahimili manyunyu ya dakika chache, kisha maji yataingia. Ukienda mahali ambapo mvua inawezekana, beba yote mawili.

## Hatua ya 2: Pima kazi ya mwili wako kabla ya kupima hali ya hewa

Watu wengi huanza na hali ya hewa. Mimi naomba uanze na mwili, kwa sababu upepo uleule humfanyia mambo tofauti mtu aliyesimama na mtu anayekimbia mwinuko.

Upepo unaondoa tabaka la hewa ya joto lililo karibu na ngozi. Kwa kanuni ya kukokotoa baridi ya upepo ambayo Marekani na Kanada zimeitumia tangu 2001, nyuzi joto 5 za Selsiasi pamoja na upepo wa kilomita 40 kwa saa huhisiwa usoni kama takriban nyuzi 1 chini ya sifuri. Mkimbiaji naye hujitengenezea upepo: akikimbia kilomita 12 kwa saa siku iliyotulia, anapigwa na hewa kwa kasi hiyohiyo. Hata hivyo misuli yake inatoa joto jingi, na joto hilo lazima lipate njia ya kutokea.

Jiweke katika mojawapo ya makundi haya.

Unatoa jasho jingi na husimami. Huyu ni mkimbiaji, au mtu anayepanda kwa kasi bila mzigo mkubwa. Anahitaji kitambaa kinachopitisha hewa nyingi, kinachovunja makali ya upepo bila kuuzuia wote.

Unakwenda na kusimama. Huyu ni mkwea miamba. Anapokwea anapata joto, kisha anasimama nusu saa akimshikia mwenzake kamba, na hapo ndipo baridi humwingia. Anahitaji kitambaa kinachozuia upepo zaidi, na kilicho imara.

Unatembea kwa mwendo wa kadiri, na begi mgongoni. Huyu anahitaji kitu cha katikati.

Ukifanya yote matatu, chagua kwa kufuata ile shughuli inayokutoa jasho zaidi. Sababu ni nyepesi: ukihisi baridi unaweza kuongeza flisi chini ya jaketi, lakini ukishalowa huna unachoweza kupunguza. Maji hupitisha joto takriban mara 25 kuliko hewa tulivu, na fulana iliyolowa huendelea kukupoza muda mrefu baada ya wewe kusimama.

Umefaulu hatua hii ukiweza kusema kwa sentensi moja: "Jaketi hili ni la kazi fulani, na nitalivaa nikiwa ninatembea, au nikiwa nimesimama." Ukishindwa kuisema, usiende dukani bado.

## Hatua ya 3: Pima hewa inayopita kwenye kitambaa

Hii ndiyo hatua inayorukwa na karibu kila mtu, nami nitakaa hapa kwa muda.

### Ukipata tarakimu

Baadhi ya watengenezaji huandika kipimo kinachoitwa CFM, yaani futi za ujazo za hewa zinazopita katika futi moja ya mraba ya kitambaa kwa dakika moja. Wengine huandika lita kwa mita ya mraba kwa sekunde. CFM moja ni sawa na takriban lita 5 za kipimo hicho.

Kitambaa kilicho chini ya CFM 5 huzuia karibu upepo wote, nacho humfaa mtu aliyesimama au anayetembea taratibu kwenye baridi. Kati ya 10 na 30 ni eneo la katikati, na mtembeaji wa milimani mara nyingi hustarehe humo. Kuanzia 40 kwenda juu, utahisi ubaridi wa upepo ukigusa ngozi, lakini mkimbiaji atabaki mkavu zaidi kuliko kwa kitambaa kingine chochote cha uzito huo.

Onyo: tarakimu mbili hulinganishwa tu iwapo zilipimwa kwa msukumo uleule wa hewa. Maabara nyingi hutumia paskali 125, ambazo ni karibu na msukumo wa upepo wa kilomita 50 kwa saa unaokupiga kifuani moja kwa moja, lakini nyingine hutumia 100 au 200. Kadiri msukumo unavyozidi, ndivyo hewa nyingi zaidi inavyopita, na kitambaa kilekile kitaonekana kama kingine.

### Usipopata tarakimu

Tumia bomba la karatasi. Nyosha safu moja tu ya kitambaa juu ya mdomo mmoja wa bomba, ukikaze kwa lastiki, kisha weka midomo yako upande wa pili na upulize kwa nguvu ya kawaida. Weka kiganja cha mkono mwingine sentimita tano hivi mbele ya kitambaa ili uhisi kinachotoka. Bomba lina faida mbili: hewa haivuji pembeni, na midomo yako haigusi jaketi ambalo bado si lako.

Sasa fanya vivyo hivyo kwa mwavuli. Mashavu yatajaa na kiganja hakitahisi chochote. Hiyo ndiyo sifuri yako. Kisha puliza kupitia shati la pamba, na pumzi itafika kiganjani bila taabu. Huo ndio upande wa pili wa kipimo chako. Jaketi lolote la upepo lililo zuri linaangukia kati ya hivi viwili.

- Ukihisi pumzi kiganjani kama mguso mwepesi usiokatika, na mashavu hayajajaa sana, kitambaa kinamfaa mkimbiaji.
- Pumzi ikipita kwa ukinzani, ukihisi ubaridi kidogo tu kiganjani, kinamfaa mtembeaji.
- Mashavu yakijaa na kiganja kikikaribia kutohisi kitu, kinamfaa mtu wa kusimama juu ya mwamba kwenye upepo.

Pima kifuani, kisha upime mgongoni na kwapani. Majaketi mengine hutumia kitambaa kinachozuia upepo mbele na kingine chenye matundu madogo mengi nyuma, mpango ambao kwa mkimbiaji ni mzuri sana. Usipimie mahali penye mfuko, maana hapo kuna safu mbili na utadanganyika.

Jaketi langu la kwanza lilikuwa jembamba kama ganda la kitunguu, nami nililipenda kwa sababu lilikuwa na gramu 90 tu. Baada ya dakika ishirini za kupanda nilishusha mkono, na maji yakachuruzika kutoka kwenye kiwiko hadi kwenye lastiki ya kiganja, yakakusanyika pale kama kwenye mfuko. Wembamba wa kitambaa hauelezi hewa inayopita. Kitambaa chembamba sana kinaweza kufumwa kwa kubanana kiasi kwamba hakipitishi karibu chochote.

Kuna jambo moja zaidi la kuangalia. Vitambaa vingi hupitishwa kati ya roli zenye joto ili nyuzi zibonyee na matundu yazibike. Utavijua kwa sababu upande mmoja hung'aa kuliko mwingine. Kadiri jaketi linavyofuliwa na kusuguliwa, mbano huo hulegea na hewa inayopita huongezeka. Ikiwa unasitasita kati ya vitambaa viwili vyenye mng'ao huo, chukua kinachobana kidogo zaidi, maana muda utakilegeza.

## Hatua ya 4: Linganisha uzito na uimara

Majaketi mengi ya aina hii yana uzito kati ya gramu 60 na 200. Weka lako kwenye mizani, kwa kuwa uzito ulioandikwa kwenye lebo kwa kawaida ni wa saizi moja tu, na yako huenda ikawa nyingine.

Unene wa uzi hupimwa kwa denia, yaani uzito kwa gramu wa uzi wenye urefu wa mita 9,000. Uzi wa denia 10 ni mwembamba sana. Wa denia 20 au 30 huvumilia mengi zaidi. Mkimbiaji anaweza kuridhika na denia 7 au 10. Mkwea miamba asishuke chini ya 20, kwa sababu kiwiko kinachoburuzwa kwenye mwamba wenye chembe kali hutoboa kitambaa chembamba siku ya kwanza. Kwa uzito uleule, nailoni kwa kawaida hustahimili msuguano kuliko poliesta, ilhali poliesta hunyonya maji machache zaidi.

Tazama pia kama kuna vimiraba vidogo vilivyofumwa kwa uzi mnene zaidi. Vimiraba hivyo havizuii tundu lisitokee, bali hulizuia lisiendelee kuchanika. Nuru ya dirisha huvionyesha vizuri.

Onyo: nailoni na poliesta huyeyuka. Cheche moja ya moto wa kambini huacha tundu lenye ukingo mgumu, kwa hiyo livue jaketi kabla ya kuukaribia moto.

## Hatua ya 5: Livae juu ya nguo utakazovaa kweli

Usilijaribu jaketi juu ya shati la kazini. Vaa fulana ya michezo, na kama huwa unabeba flisi, ivae pia. Flisi peke yake hupitisha upepo kama chandarua, lakini ikifunikwa kwa jaketi jepesi la upepo huhifadhi joto kwa namna inayomshangaza kila anayeijaribu mara ya kwanza. Kwa hiyo nafasi ya flisi isikosekane, hasa kwa mtembeaji na mkwea miamba.

Inua mikono yote miwili juu ya kichwa kana kwamba unashika mwamba. Pindo la chini lisipande juu ya kiuno, na mikono ya jaketi isishuke zaidi ya sentimita mbili tatu kutoka kwenye kifundo cha mkono. Mkwea miamba afunge hanesi na ainue tena: pindo likichomoka juu ya mkanda, jaketi hilo litampa kazi ya kulichomeka kutwa nzima.

Mkimbiaji akimbie papo hapo kwa nusu dakika. Kitambaa kilichozidi kitapiga kelele na kujaa upepo; kilichopungua kitabana mabega na kushikamana na jasho. Mtembeaji avae begi na kukaza mikanda, kisha azungushe mabega kuona kama mishono inakaa chini ya mikanda.

Umefaulu ukiweza kufanya mwendo wako wa kawaida bila kulivuta jaketi hata mara moja.

## Hatua ya 6: Kagua zipu, kofia na mifuko

Zipu ndefu ya mbele nzima ni kifaa chako cha kurekebisha joto ukiwa unatembea, kwa hiyo mimi huipendelea kuliko zipu fupi, japo zipu fupi hupunguza gramu kadhaa. Ifungue na kuifunga ukiwa umevaa glavu. Ikikwama kwenye kitambaa mara mbili mfululizo dukani, juu ya mlima itakwama zaidi. Kifungo kidogo cha kifuani, kinachoshikilia jaketi wakati zipu iko wazi, kina thamani kubwa kwa mkimbiaji.

Kofia ya jaketi isiyokazwa hugeuka tanga. Mkwea miamba aamue kama anataka kofia inayovaliwa juu ya helmeti au chini yake, kisha ageuze kichwa kulia na kushoto: kofia izunguke pamoja na uso, isiufunike. Mkimbiaji anaweza kuiacha kofia kabisa.

Mifuko ya pembeni hufunikwa na mkanda wa kiuno wa begi au na hanesi. Mfuko wa kifuani hubaki wazi. Mifuko mingi ya kifuani hutumika pia kukunjia jaketi lote. Likunje mwenyewe, ukihesabu muda: likikuchukua zaidi ya dakika moja, utaona uvivu kulivua, na utalowa ukiwa umelivaa.

Onyo kwa wakwea miamba: kamba za kukazia zinazoning'inia kwenye pindo au kofia zinaweza kuvutwa ndani ya kifaa cha kushukia kamba na kukukwamisha ukiwa hewani. Chagua jaketi ambalo ncha za kamba hizo zinaingia ndani, au zifunge fupi na uzichomeke kabla ya kushuka.

## Hatua ya 7: Jaribu maji

Hatua hii ni fupi. Mwaga kijiko kimoja cha maji begani, kitambaa kikiwa kimelala bapa. Maji yakijikusanya kuwa matone ya duara na kuteleza ukikiinua, dawa ya kufukuza maji ipo. Yakitanda na kuacha doa jeusi, kitambaa kinayanyonya, na manyunyu ya kwanza yatakifanya kizito na cha baridi. Yakauke kabla hujaendelea.

## Hatua ya 8: Jaribio la mwisho nje

Sasa kata lebo. Tafuta mwinuko, au ngazi ndefu inayoishia mahali penye upepo. Panda kwa kasi yako ya kawaida kwa dakika 15 zipu ikiwa imefungwa hadi kifuani, kisha usimame juu, kwenye upepo, kwa dakika 5 bila kuvua chochote.

Ingiza mkono ndani ya mkono mwingine wa jaketi na uguse upande wa ndani wa kiwiko. Unyevu mdogo ni wa kawaida. Maji yanayolowesha vidole, au kitambaa kilichonata kwenye ngozi, yanakuambia kwamba jaketi linazuia hewa mno kwa kasi hiyo. Libakize kwa siku za kutembea taratibu na utafute linalopitisha hewa zaidi.

Kisha usikilize mwili unaposimama. Kwa kawaida utahisi ubaridi katika dakika mbili za kwanza, jasho linapokauka. Ubaridi huo ukipungua kufikia dakika ya tano na fulana ikaanza kuwa nyepesi mgongoni, jaketi linafanya kazi yake. Ukizidi, huku fulana ikiwa kavu, upepo unapita kupita kiasi. Jaribu tena na flisi chini kabla ya kulikataa. Ukizidi huku fulana ikiwa imelowa, tatizo ni jasho, na flisi haitalitatua.

## Baada ya kununua

Lifue kwa sabuni laini ya maji, kwa joto lisilozidi nyuzi 30, zipu zikiwa zimefungwa. Usitumie dawa ya kulainisha nguo, kwa sababu huacha utando unaovuta maji na kuua nguvu ya kuyafukuza. Maji yakianza kutanda badala ya kujikusanya, na lebo ikiruhusu, pitisha pasi yenye joto la chini kabisa juu ya kitambaa kingine kilichotandikwa juu ya jaketi. Mara nyingi joto huiamsha dawa iliyolala. Ikishindikana, paka dawa mpya.

Tundu dogo lizibe siku hiyohiyo kwa kiraka cha kubandika kilichokatwa kwa umbo la duara. Kiraka chenye kona huanza kubanduka kwenye kona, na kikishaanza kubanduka, mchaniko hupita chini yake.